Wanaanga wa Fagia

Ukifika soko la Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili kabla ya saa mbili asubuhi unapata kamera. Ndivyo wachuuzi wa mitumba wanavyoziita zile bidhaa za kwanza kutoka kwenye robota, zilizo safi, ambazo hata hazitandazwi chini. Hutengwa kando zikingoja wateja wanaojulikana. Ukifika saa tisa alasiri unapata fagia. Fagia ni kilichobaki juu ya turubai baada ya mji mzima kukipekua na kukiacha, na bei yake ni kumi, ishirini, au "beba tu mama, nataka kufunga." Mimi ni mtu wa saa tisa. Nauza dawa katika duka moja upande wa Kondele, na zamu yangu ya Jumapili huisha saa nane. Kwa hiyo karibu kila kilicho kwenye rafu yangu kilikuwa kimeshakataliwa na Kisumu nzima kabla hakijanifikia.

Rafu yenyewe ina wanaanga. Ni wa plastiki, kila mmoja ana kimo cha sentimita 4 hivi, na wana vyombo vyao vya angani vilivyojengwa kwa matofali ya Lego, vile vichezeo vya plastiki vya kuunganisha. Kufikia wiki iliyopita walikuwa 41. Mimi nina miaka 43. Mgeni akija kwangu mara ya kwanza huitazama rafu, kisha huniuliza mtoto yuko wapi.

Ilianza mwaka 2015, siku niliyokuwa natafuta gari la kumpelekea mpwa wangu. Kuna mama pale Kibuye anayeuza vichezeo vya mtumba. Humwaga gunia zima juu ya turubai, wewe unapiga magoti na kuchakura. Tulikuwa tunajuana kwa sababu dawa zake za presha huzichukua dukani kwetu, naye huniita daktari, kama wanavyoitwa wote wanaosimama nyuma ya kaunta ya dawa katika mji huu, wawe wamesomea au hawajasomea. Basi nikiwa nimezamisha mkono hadi kwenye kiwiko, vidole vikashika kitu kidogo chenye miguu. Nikakitoa. Kilikuwa kijitu cha nguo nyeupe, uso wa manjano, kinatabasamu kama mtu aliyelipwa deni lake. Kifuani kimechorwa sayari ya rangi ya dhahabu na chombo kidogo kinachoizunguka. Mgongoni kina mitungi ya hewa. Kofia yake ya anga ilikuwa imepasuka katikati ya kidevu.

"Hicho ni mbovu, daktari," mama akasema. "Nipe kumi."

Nilimpa kumi. Gari la mpwa wangu nikalisahau, ikabidi nirudi.

Kwa nini mtu mzima asimame kwa ajili ya kijitu cha kumi? Nilisoma shule ya msingi huko Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, ambako kitu kilichoruka juu kuliko vyote kilikuwa yangeyange. Siku moja mwalimu wetu wa sayansi alichora ubaoni jukwaa lililosimama baharini kwa miguu yake, akatuambia kwamba liko Kenya, pwani ya Malindi, linaitwa San Marco, na kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, roketi iliondoka hapo na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ikaenda kuchunguza miali ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Darasa zima lilidhani anatudanganya. Mimi nilimwamini, na jioni ile nikakaa nje hadi mama akaniita mara tatu. Halafu maisha yakaendelea: sekondari, chuo, kaunta, mikopo. Miaka 20 baadaye kile kijitu kikanitabasamia kwenye turubai.

Usiku huo nilifanya kosa la kwanza. Mtu wa dawa akiona ufa, mkono unamwasha. Dukani tunauza supa glu, iko palepale karibu na plasta, nami nilikuwa na chupa ndogo nyumbani. Nikaweka tone moja kwa ncha ya sindano, nikabana kidevu kwa vidole hadi nikahesabu mia, nikalala nikiwa na furaha ya fundi. Asubuhi nikakuta kidevu chote kimevaa ukungu mweupe, kama mtoto aliyetoka kunywa uji wa maziwa. Mvuke wa ile gundi unapokauka huacha vumbi jeupe kwenye plastiki. Nilifuta kwa maji, kwa spiriti, kwa kila kilichokuwa kwenye rafu ya duka. Ukapungua, haukutoka.

Wiki hiyo ndipo nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba kijitu changu ni wa ukoo wa mwaka 1978, mwaka ambao kampuni ya Lego ya Denmark ilitoa kwa mara ya kwanza vijitu hivi vyenye mikono na miguu inayocheza, na wanaanga walikuwamo tangu mwanzo: wekundu na weupe, wa manjano wakafuata, kisha mwaka 1984 wakaja wa bluu na weusi. Kofia zao za mwanzo zilikuwa na ukanda mwembamba mno kwenye kidevu. Mtoto akiivua na kuivaza mara nyingi, inapasuka, na inapasuka palepale. Baadaye ukanda ukaongezwa unene. Lakini ule ufa ulikuwa umeshajulikana duniani kote, hata filamu ya Lego ilipotengenezwa mwaka 2014, mhusika wao mwanaanga wa bluu, Benny, alitolewa na kofia iliyopasuka kidevuni kwa makusudi. Yaani kovu ambalo wenyewe waliliiga kiwandani kwa heshima, mimi nililipaka uji.

Sikuchoka. Kila Jumapili saa tisa, magoti chini. Nilijifunza kazi ya vidole kabla ya kazi ya macho. Tofali halisi lina jina la Lego juu ya kila kipele, kile kivimbe kinachoshika tofali la juu yake, herufi ndogo ambazo ukipitisha ukucha unazisikia. Plastiki yake ni ngumu na nzito kidogo kuliko unavyotarajia, na yakigongana hutoa sauti kavu, ta, si ile sauti ya kifuniko cha chupa ya maji. Mikono ya kijitu halisi hukaa ulipoiweka. Hilo la mwisho nilijifunza kwa hasara huko Nakuru, nilipokwenda kumtembelea dada yangu anayekaa Lanet. Nikapita kibanda kimoja mjini, nikaona wanaanga 6 ndani ya karatasi ya nailoni, wanang'aa, nikalipa shilingi 900 bila hata kufungua, kwa sababu nilikuwa nawahi matatu. Nilipofika nyumbani, hakuna herufi popote, mikono inalegea kama ya mlevi, na mmoja ana miguu miwili ya kushoto. Nilimpa mpwa wangu wote sita. Yeye aliwapenda, na mpaka leo anashangaa kwa nini huyo wa miguu ya kushoto sitaki kumtazama.

Kuna jambo ambalo bado linanishangaza kila ninapoketi na beseni. Seremala aliyeanzisha kampuni hiyo katika mji wa Billund mwaka 1932, Ole Kirk Christiansen, alianza na vichezeo vya mbao. Tofali la namna tunayoijua, lenye mirija ndani, lilisajiliwa tarehe 28 Januari 1958, na tofali la wakati huo linashikana na lililotoka kiwandani jana. Nimehakikisha mwenyewe. Kwenye gunia moja la Kibuye nimepata kipande cha miaka ya sabini na kipande cha juzi, watoto wawili wa nchi zisizojuana, nikavibana, ta, vikashikana. Mimi nimekulia katika nyumba ambamo kifuniko cha sufuria mpya hakikutoshea sufuria ya zamani ya duka lilelile. Watu wa hesabu walikaa wakahesabu kwamba matofali 6 ya vipele 8, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Mimi kwa matofali 6 nimepata njia ya kujenga ngazi na njia ya kujenga ngazi nyingine.

Jioni za kupanga ndizo ninazozipenda kuliko hata kujenga. Maji ya uvuguvugu, si ya moto, sabuni kidogo ya vyombo, mswaki wa zamani. Mpwa wangu, ambaye siku hizo alikuwa na miaka 7 na alikuwa akikaa kwangu wakati wa likizo, alijiteua msaidizi. Alitaka kupanga kwa rangi: nyekundu huku, bluu kule. Ni kosa la kila anayeanza, na mimi nililifanya kwa mwaka mzima. Ukishakuwa na ndoo ya matofali ya kijivu, kutafuta kipande kimoja kidogo cha kijivu ndani yake ni sawa na kutafuta punje ya chumvi kwenye sukari. Panga kwa umbo. Jicho huiona rangi haraka kuliko umbo, kwa hiyo liachie rangi iwe kazi ya mwisho. Tulitumia vikopo vitupu vya vidonge, vile vikubwa vya dawa elfu, na lebo zake tukaziacha. Mpaka leo magurudumu yangu yako kwenye kopo la parasetamo.

Ni yeye aliyeniuliza, akiwa ameshika wawili mkononi, "Auntie, huyu ni mzungu ama ni mtu wetu?" Nikamwambia ni wa manjano. Akafikiri. "Kama ana homa ya manjano?" Kwa miaka mingi nyuso zote zilikuwa za rangi hiyo kwa makusudi, ili zisiwe za taifa lolote, ni mwaka 2003 ndipo vikaanza kutoka vijitu vya watu mashuhuri na wa filamu vyenye rangi za ngozi za watu halisi, akiwemo Lando Calrissian wa Star Wars kwa rangi yake ya kahawia. Nilimweleza hayo yote. Akasema homa ya manjano inaeleweka zaidi.

Mifuko ya fagia ina historia yake kama kingo za mto. Unajua umechimba wapi kwa unachokipata. Siku nyingine ni vipande vya kijivu vya Star Wars, ambayo Lego walianza kuitengeneza mwaka 1999. Siku nyingine ni vile vyenye sumaku vya M-Tron, mfululizo wao wa anga wa mwaka 1990. Kimoja mama wa vichezeo alikuwa ameshakifunga kwenye uzi, anaokotea pini zilizoanguka, akakataa kuniuzia. Mwanaanga ninayemcheka kuliko wote ni wa mfululizo mwingine wa Lego, Ice Planet 2002, yaani sayari ya barafu ya mwaka 2002. Ana kioo cha usoni cha rangi ya chungwa inayong'aa na msumeno wa rangi hiyohiyo, wa kukatia barafu. Walimtengeneza mwaka 1993, na kwao 2002 ilikuwa mbali sana, tungekuwa tumeshahamia sayari za barafu. Mwaka 2002 ulipofika kweli, mimi nilikuwa kwenye foleni ya kura mwezi wa Desemba, jua kali, nimeshika kitambulisho, na kitu cha barafu pekee kilichokuwa karibu kilikuwa kwenye baiskeli ya muuza aiskrimu.

Kisha nikaanza kutamani chombo. Si chochote, bali kile cha mwaka 1979 kinachoitwa Galaxy Explorer, cha vipande 338: mbawa za bluu na kijivu, vioo vya manjano, na wanaanga wanne, wawili wekundu na wawili weupe. Karatasi zake za maelekezo zinapatikana mtandaoni, nikazichapisha kwenye saiba kwa rangi, nikaambiwa na kijana wa pale kwamba ramani ya nyumba yangu ni ndogo. Maelekezo ya zamani ni magumu. Hatua moja ina vipande kumi, na hakuna anayekuambia vimeongezwa wapi, unalinganisha picha mbili kama kwenye kurasa za watoto za magazeti. Mbawa za bluu nilizipata mwaka wa kwanza. Vioo vya manjano, vingi vyake, vilinichukua miaka mitatu. Kila nilipopata kipande nilikichora duara kwenye karatasi ile, na karatasi ikachakaa hadi nikaibandika nailoni.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, na hili lilikuwa kubwa.

Nyumba niliyokuwa nimepanga wakati huo, Migosi, ilikuwa na dirisha la sebuleni linaloangalia magharibi. Jioni jua la ziwani liliingia lote. Nikaona ni mahali pazuri, wanaanga wakitazama machweo, nikaweka rafu hapo. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu halina mzaha. Baada ya mwaka mmoja na nusu, weupe wangu walikuwa wamegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na kijivu cha chombo kikawa kama chai iliyopoa. Kuanzia mwaka 1963 matofali hayo hutengenezwa kwa plastiki ya ABS, na katika mchanganyiko huo kuna sehemu yenye asili ya mpira ambayo mwanga na hewa huila polepole. Aliyekuwa ukingoni kabisa alikuwa wa manjano upande mmoja na mweupe upande mwingine, kama mwezi nusu.

Wakusanyaji wa ng'ambo huwatibu kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka kwa sauti: dawa ambayo nauza kila siku ya kuoshea vidonda! Inakaa kwenye chupa nyeusi kwa sababu mwanga huivunja, na ni kuvunjika huko huko kunakong'arisha plastiki. Nikachukua ya asilimia 6, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, nikawatumbukiza weupe wote. Wanaelea, mapovu huwashika na kuwapandisha, na anayeelea hubaki na mstari kiunoni, kwa hiyo nikawakandamiza kwa sahani ndogo. Nikaweka juu ya paa la tangi la maji. Siku ya pili wakaanza kufunguka. Siku ya tatu walikuwa weupe kama sare ya Jumatatu. Nakumbuka nilimwita jirani aje kuona.

Tatizo la tiba inayofanya kazi ni kwamba unaitafutia mgonjwa mwingine. Wekundu wangu wawili hawakuwa na shida yoyote. Walikuwa wamefifia kidogo tu, nikasema nao waoge. Siku hiyohiyo nikapigiwa simu kwamba shangazi yangu amefariki Maseno, nikaondoka na nguo nilizovaa, na kwa siku tano za matanga sikukumbuka kwamba kuna watu kwenye tangi langu. Niliporudi wekundu walikuwa na mabaka. Meupe, yenye mawimbi, mashavuni, kifuani, hasa mapajani. Sayari ya dhahabu ya mmoja ilikuwa imeondoka na chombo chake.

Mtu wa duka la dawa anayajua mabaka hayo. Wanawake huja kwangu wamejifunika leso, wanateta kwa sauti ya chini, wanaulizia kitu cha kurudisha ngozi baada ya mkorogo kuwaunguza, na mimi huwa na hotuba yangu tayari, ndefu, ya kuwauliza ni nani aliyewaambia walikuwa na kasoro. Nilikaa juu ya ndoo pale kwenye paa nikiwa na wanaanga wawili wa mkorogo mkononi, na hotuba yangu yote nikaikumbuka neno kwa neno.

Weupe wenyewe, niseme tu, walianza kurudi manjano ndani ya miaka miwili, hata baada ya kuwahamishia kabati lenye mlango. Sijawaogesha tena.

Mwaka 2022, Lego walipotimiza miaka 90, walitoa Galaxy Explorer mpya, yenye vipande 1,254, kwa dola 100 hivi kule Marekani. Binamu yangu alikuwa anakuja likizo. Nikatoa zamu yangu ya chama, ikaja ndani ya sanduku lake katikati ya viatu. Nilikijenga kwa jioni mbili. Ni kizuri, kikubwa, maelekezo yake hata mtoto hapotei, na hakikukosa hata kipande kimoja. Ndicho pekee kwenye rafu yangu ambacho hakikutoka fagia, na nikikitazama hukitazama kama mgeni wa heshima aliyekalia kiti kizuri cha sebule. Mpwa wangu anakipenda. Mimi hukipangusa vumbi.

Jambo la mama wa vichezeo ndilo lililonichukua muda mrefu kulisema. Kwa miaka mingi nilinunua kwake kwa kumi na ishirini vitu ambavyo nilijua ng'ambo vinauzwa kwa dola kadhaa kila kimoja. Sikumdanganya. Nilinyamaza tu, na uso wangu ulikuwa wa mtu anayenunua takataka. Nilijiambia ni biashara, ni jicho langu, ni magoti yangu. Halafu siku moja mwaka jana akaja dukani kuchukua dawa zake, pesa zilikuwa zimepungua, anataka kuacha ya pili hadi mwisho wa mwezi. Nikamwambia asiache; ipo yenye dawa ileile ndani, jina tofauti kwenye paketi, kwa chini ya nusu ya bei. Tajiri wangu hakuwepo. Akaishika ile paketi, akaigeuza, akaniangalia.

"Wewe hunifichi, daktari," akasema. "Ndiyo maana nakuja kwako."

Usiku huo ugali haukushuka. Jumapili iliyofuata nilifika saa tisa kama kawaida, nikapiga magoti, lakini badala ya kuchakura nikamwambia. Nikamwonyesha kwenye simu: huyu mweupe, huyu wa bluu, na yule niliyemchukua Pasaka kwa ishirini. Alisikiliza bila kusema kitu. Nilitarajia hasira. Alichofanya ni kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza, na nilijua anahesabu Jumapili.

"Basi wamekuwa kamera," akasema mwishowe.

Tangu siku hiyo nimekuwa mteja wa kamera. Huwatenga kwenye mkebe wa majani ya chai, chini ya kiti chake, na bei ni mia tano, haina maneno. Kijana mmoja wa chuo kutoka Maseno amegundua mkebe huo pia, kwa hiyo siku hizi kuna foleni ya watu wawili. Mama naye amepata bidii ya ajabu. Kwake kitu kisicho kamili hakiuzwi, basi huwakamilisha: mwanaanga aliyekosa miguu anapewa miguu ya haramia, yenye gongo; asiye na kichwa anapewa cha polisi mwenye ndevu. Alinipa shujaa wa farasi mwenye mitungi ya hewa mgongoni. Nilimweleza kwa upole kwamba mimi huwataka jinsi walivyo, hata nusu. Akanitazama kama mgonjwa anayekataa dozi.

Asubuhi ya tarehe 15 Aprili 2023, Jumamosi, setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilirushwa kutoka Vandenberg, California, juu ya roketi ya Falcon 9, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Tuliitazama kwenye simu, mimi na mpwa wangu, simu imeegemezwa kwenye kopo la parasetamo, na wanaanga wote tumewapanga mezani wakitazama. Setilaiti yenyewe ni ndogo kama mkate. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini haikuondokea Malindi kama ile ya zamani niliyomsimulia. Sikuwa na jibu la kumpa. Roketi ilipopanda, mmoja wa wale wekundu wenye mabaka alianguka kifudifudi, hakuna aliyemgusa, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Chombo cha 1979 kimefika vipande 327. Vilivyobaki ni 11, na viwili kati yake ni vioo vya manjano vya pembeni, ambavyo nina hakika viko kwenye gunia fulani njiani kati ya Mombasa na hapa.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu kabla sijatoka kazini, jambo ambalo hajawahi kufanya. Nilipofika alitoa mkebe, akafunua leso taratibu. Mwanaanga mweupe, nguo safi, sayari ya dhahabu kifuani kamili hata ncha zake, ambayo sijawahi kuipata kwa hali hiyo. Nikamgeuza uso. Kofia ilikuwa na ufa kidevuni, na juu ya ufa, ukungu mweupe, mzito, umepanda hadi kwenye shavu.

"Alikuwa amepasuka," mama akasema, na niliona jinsi alivyofurahi. "Nimekushikia mimi mwenyewe na supa glu. Huyo hapasuki tena, daktari."

Nilimtazama kwa muda, nikamsifu kazi yake. Nikatoa mia tano.

"Na gundi ni hamsini," akasema.